Mwalimu Aliyeupima Mtandao kwa Miguu

Barua ya kumi na moja ilipofika makao makuu ya kampuni ya simu, haikusomwa na mtu mzima mzima. Ilisomwa mistari miwili ya juu, ikapigwa muhuri, ikatupwa kwenye meza ya Injinia pamoja na kijikaratasi cha mkuu wa kitengo: "Nenda kamalize hili jambo. Ni yule mwalimu tena."

Injinia alikuwa na miaka thelathini na mitatu na kazi yake ilikuwa kupima nguvu ya mtandao. Gari lake lilikuwa na simu sita zilizofungwa juu ya paa kama vifaranga kwenye tenga, nyaya zikishuka mpaka kwenye kompyuta iliyokaa kiti cha mbele. Gari likitembea, simu zinajipigia zenyewe, kompyuta inachora mstari: kijani palipo na mtandao mzuri, manjano pa wastani, nyekundu palipokufa. Dereva wake, mtu mzima mwenye mvi masharubuni, aliitwa Breki kwa sababu hakuwahi kuzitumia mpaka dakika ya mwisho.

Walifunga safari asubuhi, wakafika kwenye ukingo wa bonde kabla ya saa tano. Mnara wa kampuni ulisimama pale juu kando ya barabara, mrefu, mweupe na mwekundu, umezungushiwa uzio. Injinia aliutazama kwa jicho la mtu anayekutana na mtoto wake shuleni. Miaka minane iliyopita, akiwa ameajiriwa hata mwaka hajamaliza, ni yeye aliyekaa mbele ya kompyuta akauchagulia mnara huo mahali pa kusimama, na ni yeye aliyechora ramani iliyoonyesha bonde zima likiwa kijani kibichi, toka msituni hadi mtoni. Ilikuwa ramani yake ya kwanza. Mkuu wa wakati ule alimpa mkono.

Waliteremka na barabara inayozunguka bonde, wakavuka daraja, wakapanda upande wa pili, wakarudi. Kompyuta ilichora kijani mwanzo mwisho.

"Sasa huyo mwalimu analia nini?" Breki aliuliza.

"Ndiyo twende tukamsikie."

Mwalimu walimkuta nyumbani kwake, nyumba ya matofali ya kuchoma iliyokaa chini kabisa ya mteremko. Nyuma ya nyumba, shamba la mikaratusi lilipanda kilima mpaka karibu na mnara. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kastaafu ualimu wa hesabu lakini ualimu wenyewe haujamstaafu. Miwani aliining'iniza shingoni kwa uzi wa kiatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nyinyi ndio wa simu?"

"Ndio sisi."

"Mmechelewa miaka mitatu, lakini karibuni. Kaeni. Chai ipo."

Injinia alikaa, akafungua kompyuta, akamgeuzia kioo kwa upole, kama daktari anayemwonyesha mgonjwa kwamba haumwi. "Mwalimu, tumezunguka bonde zima sasa hivi. Tazama mwenyewe. Kijani huku, kijani huku, mpaka darajani. Mtandao upo."

Mwalimu alivaa miwani, akainama, akautazama mstari ule kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Hii ni barabara?"

"Ndiyo."

"Nani anaishi barabarani?"

Breki alikohoa chai. Injinia alitaka kujibu, akakuta jibu halipo.

"Sikuulizi kwa ubaya, baba," Mwalimu aliendelea. "Mstari wako ni wa kweli. Mimi mwenyewe nikienda barabarani nashika vizuri tu. Lakini toa simu yako hapo mfukoni."

Akaitoa. Hewani hakuna kitu. Si kijiti kimoja. Aliinyanyua juu, akaisogeza dirishani, akatoka nayo uani, akainyoosha mkono kama mtu anayetaka kuning'iniza taa. Kijiti kimoja kikatokea, kikapotea.

"Hapo kwenye kona ya banda," Mwalimu alisema bila kusimama, "ukiinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, utapata kimoja. Ujumbe unatoka. Kuongea hapana."

Ilikuwa hivyo hasa.

Aliporudi ndani alikuta mezani pana madaftari sita, yale ya shule yenye majalada ya bluu, kila moja limeandikwa mwaka wake kwa mwandiko wa ubaoni. Alifungua la kwanza akitegemea kukuta malalamiko. Akakuta majedwali. Tarehe. Saa. Mahali. Halafu safu tatu za vijiti, na ya nne ya wastani. Pembeni, maneno mafupi: *ndani, dirishani, uani. Mvua. Jua. Upepo.* Mahali palikuwa sitini na nne: zahanati chumba cha nje, zahanati chumba cha kujifungulia, shule darasa la tatu, kisimani, kinu cha kusaga, kwa fundi cherehani, kwa mjane wa mwashi, kivukoni, mwamba wa ng'ambo.

"Hizi safu tatu ni nini?"

"Kila mahali napima mara tatu. Mara moja simu inaweza kukudanganya. Nasimama dakika mbili kwanza itulie, naandika, naizima naiwasha, naandika tena. Simu ni ileile moja, hii ya batani. Naishika usawa wa sikio, maana ndipo watu wanapoiweka. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi."

"Sehemu zote sitini na nne?"

"Nikianza saa moja asubuhi, saa kumi nimemaliza. Siku hizi saa kumi na moja. Magoti."

Injinia alifungua daftari la pili, la tatu. Hakuna mwezi ulioruka. Kulikuwa na Jumamosi moja iliyoandikwa pembeni, *nina homa, nimepima 40 tu, zilizobaki nimemaliza Jumatatu.* Alijua wenzake wenye shahada mbili ambao wangeziba hizo ishirini na nne kwa kukisia, na chai wakanywa. Kama alikuwa mkweli kwa nafsi yake, hata yeye aliwahi kufanya hivyo.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza ilivyoshuka, "kwa nini ulianza?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Nina mdogo wangu wa kike, yuko mjini. Tumebaki wawili tu kwa mama yetu. Miaka sita iliyopita alilazwa, akaambiwa afanyiwe upasuaji, akataka kusikia sauti yangu kabla ya kuingia. Alipiga mara kumi na tisa siku ile. Mara kumi na tisa anaambiwa sipatikani. Sasa wiki mbili nyuma tulikuwa tumekwaruzana, mambo ya ndugu tu, na yeye akajua nimezima simu makusudi. Alipopona hakunipigia tena. Mimi nikipiga nikiwa juu barabarani, hapokei. Miezi kumi na minne, baba. Dada yangu ananipa kisogo kwa kosa la mnara."

"Pole sana."

"Nilimwandikia barua kumwambia simu ilikuwa wazi, siku nzima iko hapa mezani. Hakuamini. Mtu akikuambia simu ilikuwa wazi, wewe utaamini? Basi nikasema, mimi ni mwalimu wa hesabu, nitampelekea hesabu. Nikaanza kuandika. Hapa nyumbani, sifuri. Hapa nyumbani, kimoja. Sifuri, sifuri. Nikaandika mwaka mzima, nikanakili kurasa, nikampelekea na dereva wa basi. Alikuja mwenyewe wiki iliyofuata. Alikaa siku nane, akawa anatembea humu ndani na simu yake kama kipofu anayepapasa ukuta, analia na kucheka."

"Na baada ya hapo ungeweza kuacha."

"Ningeacha vipi? Nilikuwa nimeshaona kuwa si nyumba yangu peke yake. Na nilikuwa nimeshaona inatembea."

"Nini inatembea?"

"Sifuri."

Alichukua karatasi kubwa sita zilizokunjwa, akazitandaza sakafuni maana meza haikutosha. Kila moja ilikuwa ramani ya bonde aliyoichora kwa mkono: kilima juu, mto chini, nyumba zote kwa vitone. Nyumba zenye mtandao vitone vyeupe. Zilizopoteza, vyeusi. Karatasi ya mwaka wa kwanza ilikuwa na vitone vyeusi vinne, vyote vimejibanza chini ya shamba la mikaratusi, nyumba ya Mwalimu ikiwemo. Ya mwaka wa pili, tisa. Ya tatu, kumi na sita. Weusi ulianzia mlimani ukawa unateremka kuelekea mtoni, mwaka hata mwaka, kwa mstari ulionyooka kama mtu anayevuta shuka. Katika karatasi ya mwisho shuka lilikuwa limeifunika zahanati.

Injinia alipiga magoti sakafuni. Alikuwa ameona ramani elfu moja za mtandao maishani mwake. Hakuwahi kuona ramani iliyomfanya asikie masikio yake yanapata moto.

"Ni kivuli," alisema.

"Ehee!" Mwalimu alipiga kofi, kama darasani mtoto wa nyuma anapopata jibu. "Sasa kivuli cha nini?"

"Miti."

"Nilimwambia mkubwa wenu katika barua ya nne. Akanijibu kwamba mtandao hauna kivuli."

Breki, aliyekuwa mlangoni na kikombe, alisema, "Injinia, huyo mkubwa asije akawa ni wewe."

Alikuwa yeye. Barua ya nne aliijibu yeye, kwa sentensi tatu alizozinakili kutoka barua nyingine. Alitamani sakafu ifunguke. Lakini Mwalimu hakumkazia macho, wala hakutaka kumbana. Alikuwa ameshasimama, anavaa viatu.

"Twende ukaone kwa macho yako," alisema. "Mimi nimeutazama mnara kutoka chini miaka sita. Wewe una ruhusa ya kutazama kutoka juu."

Walipanda kwa miguu, kwa njia ya katikati ya mikaratusi, Mwalimu mbele. Mashina yalikuwa yamenyooka, meupe, yanakwenda juu mpaka shingo inauma. Alimweleza kuwa ni shamba la ushirika wa kijiji. Miche ilipandwa mwaka uleule mnara uliposimamishwa, ikiwa haifiki magotini. Nguzo za kwanza zilizouzwa zilijenga madarasa mawili, na zitakazofuata zitajenga nyumba ya muuguzi.

"Kwa hiyo kukata yote…" Injinia alianza.

"Ukisema mbele ya kikao cha kijiji miti ikatwe, mimi nitakuwa wa kwanza kukupinga. Miti ina haki yake. Aliyekosea si mti."

"Ina urefu gani?"

"Huu wa pembeni ulikuwa mita ishirini na mbili na nusu mwezi jana. Tunapima kwa kivuli cha kijiti, mimi na darasa la saba. Wanapenda sana, maana wanatoka nje. Kila mwaka unaongeza karibu mita tatu."

Injinia hakusema kitu. Alikumbuka siku alipochora ramani ile. Kompyuta ilikuwa na vilima vyote na mabonde yote, kila mwinuko umehesabiwa. Miti haikuwemo. Ilikuwa chini ya magoti. Ramani yake haikuwa ya uongo siku alipoichora. Ilianza kuwa ya uongo siku iliyofuata, na miaka minane hakuna aliyerudi kutazama.

Juu kwenye uzio alivaa kofia ngumu na mkanda wa usalama, akafunga ndoano mbili, akaanza kupanda. Mnara ulikuwa wa mita arobaini. Upepo ulivuma wa kawaida. Kila hatua alifungua ndoano moja, akaifunga juu, akafungua ya pili. Chini, Breki na Mwalimu wakawa wadogo, kisha wakawa kofia na kanga tu.

Alipofika penye antena aligeuka, akaegemea chuma, akatazama bonde.

Kwanza alichokiona ni vilele vya mikaratusi, zulia zito la majani linalotikisika, limetanda toka chini ya miguu yake mpaka mwisho wa mteremko. Halafu, baada ya zulia, aliona mto unang'aa, mashamba ya ng'ambo, barabara inayozunguka, mwamba mkubwa mtupu upande wa pili. Hivyo vyote vilikuwa wazi mbele yake. Nyumba hakuziona. Alitafuta zahanati, akaona ncha ya bendera tu. Alitafuta shule, nyumba ya Mwalimu, kinu. Zilikuwa nyuma ya majani. Antena ilikuwa inaona alichokiona yeye. Vitone vyeusi vyote vya karatasi ya mwisho vilikuwa hapo chini, na kila kimoja kilikuwa mahali ambapo jicho lake halikufika. Alijaribu kutafuta hata kosa moja. Kwa mjane wa mwashi: hapaonekani. Kivukoni: panaonekana, na daftari lilisema vijiti vitatu. Fundi cherehani: bati lake lilichungulia nusu, na daftari lilisema *dirishani viwili, ndani sifuri.*

Alicheka peke yake pale juu. Alichukua picha, kisha akakaa kidogo zaidi ya ilivyohitajika, anatazama tu. Mwanamke mmoja, simu moja ya batani na magoti yanayouma. Alikuwa ameuona mnara kwa ndani bila kuwahi kuupanda.

Aliposhuka, Mwalimu alimuuliza, "Je?"

"Ni kama ulivyochora. Tutaongeza urefu wa mnara. Mita sita tunaweza."

"Mita sita gawanya kwa tatu?"

"Mbili."

"Basi baada ya miaka miwili nitakuandikia tena, na mimi nitakuwa na sitini na nane. Fikiri tena, mwanangu."

Walikaa kwenye jiwe nje ya uzio, watatu, wakagawana viazi vya kuchemsha alivyokuwa amevifunga kwenye kitambaa. Injinia alifungua daftari la mwisho, akalipitia safu kwa safu. Kidole chake kikasimama.

"Mwamba wa ng'ambo. Vijiti vitano. Miaka yote sita, vitano."

Mwalimu alitafuna kiazi chake taratibu na hakusema lolote, lakini macho yalikuwa yanacheka.

"Mwamba unauona mnara," Injinia alisema. Alikuwa anaongea haraka sasa. "Na mwamba unaziona nyumba zote kwa mbele. Tukiweka mnara mdogo pale, mita kumi na tano tu, unapokea kutoka huku na kuwageuzia nyumba. Miti ikue ipendavyo, haiko kati. Mwalimu, hili ulikuwa unalijua!"

"Nilikuwa nalijua toka daftari la tatu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekwenda kuandika kuwa mwalimu anasema. Nimetaka uandike kuwa wewe umeona."

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko kupanda mnara. Fomu ya kitengo ilikuwa na swali moja tu la maana: eneo limefikiwa na mtandao, ndiyo au hapana. Walipofika barabarani penye vijiti vitano, simu ya Injinia iliita. Mkuu wa kitengo.

"Umemaliza?"

"Bado, mkuu. Bonde halina mtandao."

"Mistari yako imeshafika huku kwenye mfumo. Yote kijani."

"Hiyo ni barabara, mkuu. Watu hawaishi barabarani."

Kimya. "Ramani rasmi inasema bonde limefikiwa. Nani aliichora hiyo ramani?"

"Mimi."

"Na sasa unataka kuniambia nini?"

"Kwamba nilichokichora kimekufa, na mimi sikurudi kukitazama. Nitaandika hapana."

"Njoo ofisini kesho saa mbili," mkuu alisema, akakata.

Breki aliendesha kilomita kumi bila neno, jambo lisilo la kawaida. Kisha akasema, "Wakikufukuza, shemeji yangu ana duka la simu. Hutalala njaa."

Mkuu wa kitengo alikuwa mama wa miaka hamsini na mitano, mkali, mwenye sifa ya kurudisha ripoti kwa sababu ya nukta. Wachache walikumbuka kwamba ujanani alikuwa fundi wa minara, mwanamke wa kwanza wa kampuni hiyo kupanda juu na spana mfukoni. Injinia aliingia na fomu moja na madaftari sita. Alikuwa amejiandaa kujitetea. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno. Hakuyatumia. Aliweka madaftari mezani, akatandaza zile ramani sita sakafuni, kama alivyofanyiwa yeye.

Mkuu alizitazama akiwa amekaa. Kisha akasimama. Kisha akavua viatu vyake virefu, akachuchumaa.

"Nani kafanya hii?"

"Yule mwalimu."

"Analipwa na nani?"

"Hakuna."

"Kompyuta gani?"

"Hana kompyuta. Ana rula."

Mkuu alifungua daftari moja katikati, akasoma. Akafungua jingine. Akarudi nyuma, akalinganisha. Injinia alisimama pale na jasho mgongoni, anasikia saa ya ukutani. Alimwona akifika kwenye ule ukurasa wa homa, na akamwona akiusoma mara mbili.

"Arobaini tu, zilizobaki Jumatatu," mkuu alisoma kwa sauti ndogo. Aliinua kichwa. "Miaka thelathini niko kwenye kazi hii. Ukiniletea watu watatu wa namna hii, naweza kufunga nusu ya ofisi." Akarudisha macho kwenye karatasi. "Na tumempa barua kumi za kumwambia asituchoshe. Niachie haya. Utayapata Jumatatu."

Jumatatu yalirudi na saini yake. Mnara mdogo wa mwambani ukaingia kwenye mpango wa mwaka.

Ilichukua miezi saba. Kijiji kilibeba kokoto kupeleka mwambani kwa sababu lori halikufika. Breki alibeba ndoo mbili akalalamika kama aliyebeba mlima. Siku ya kuwashwa ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Injinia alikuwa mwambani na kompyuta, na hakukuwa na sherehe yoyote, maana alikuwa amewaomba watu wasikusanyike mpaka ahakikishe. Alibonyeza. Taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye sanduku. Kwa sekunde chache hakuna kilichotokea.

Halafu bonde likalia.

Alilisikia kutoka ng'ambo ya mto: simu moja, mbili, kumi, kwenye madirisha, kwenye mifuko ya watu shambani, ujumbe wa siku tatu zilizopita ukiangukia mahali pake. Kinu cha kusaga kilizimwa, wasaga unga wakatoka nje wakiwa weupe mpaka kwenye nyusi, kila mmoja kashika simu sikioni, wote wanapiga kelele "haloo!" kana kwamba bado wanalazimika kuzisukuma sauti zivuke kilima. Mwashi mmoja alimpigia mkewe aliyekuwa hatua ishirini kutoka pale, wakaongea, wanatazamana.

Simu ya Injinia nayo iliita. Namba asiyoijua.

"Ni muuguzi wa zahanati," sauti ya kike ilisema. "Niko chumba cha kujifungulia. Mwalimu alinipa namba yako, aliniambia nikipata mtandao nikiwa nimesimama hapahapa kando ya kitanda, nikupigie kukuambia tu."

"Unanisikia vizuri?"

"Vizuri sana. Mwezi wa pili nilikimbia kupanda kilima hiki na glavu mikononi kuita gari la wagonjwa. Mama na mtoto wako salama, lakini mimi bado naota nakimbia." Sauti ikakwama kidogo. "Basi, nilitaka kusema hivyo. Naona kuna mgonjwa."

Injinia alikaa chini juu ya mwamba. Alikuwa amewasha minara ishirini na saba maishani mwake, kila mmoja akiuandikia ripoti ya kurasa mbili na kusahau. Alikaa pale mpaka Breki akaja kumuuliza kama anaumwa.

Mwezi wa tisa wa mwaka ule, mkuu wa kitengo alimwalika Mwalimu makao makuu kuzungumza na mainjinia vijana. Walimtumia gari; akakubali kwa sharti kwamba Breki asiendeshe. Alifika ghorofa ya tano amevaa suti ya zamani ya bluu, akasimama mbele ya watu arobaini wenye kompyuta mbele yao. Hakuwa na picha za kuonyesha ukutani. Aliomba ubao. Ofisi nzima haikuwa na ubao. Wakamletea karatasi kubwa na kalamu nene.

"Fungeni hizo mashine," alisema kwanza, na arobaini wakafunga kama mmoja.

Aliongea saa moja na nusu kuhusu namna ya kupima. Kwa nini mara tatu. Kwa nini usawa wa sikio. Kwa nini uingie mpaka jikoni kwa mtu, ubishe hodi kwanza, upokee chai kama ikitolewa, maana anayekunywa chai jikoni ndiye atakayeambiwa mahali simu inaposhika. Kijana mmoja wa mbele, mwenye tai, alinyoosha mkono akauliza kwa heshima ni programu gani angeshauri itumike kwa kazi ya namna hiyo.

"Viatu," Mwalimu alijibu.

Walicheka, lakini Injinia, aliyekaa safu ya mwisho, aliona wengi wanaliandika. Yeye mwenyewe alikuwa anaandika. Mkuu wa kitengo, kando yake, alikuwa na fomu mpya ya kitengo mapajani, rasimu ya kwanza, ukurasa mmoja uliogeuka kuwa minne. Swali la ndiyo na hapana lilikuwa limefutwa. Alimsogezea Injinia na kalamu.

"Umepewa mikoa mitatu ya kaskazini," alimnong'oneza. "Timu ya watu sita, ya kutembea. Angalia kama nimesahau kitu."

Injinia aliisoma yote. Penye orodha ya mahali pa kupimia paliandikwa shule, zahanati, soko, nyumba. Alifikiri kidogo, akaongeza kwa mkono: *kando ya kitanda.* Akairudisha, akaendelea kusikiliza, maana mbele pale Mwalimu alikuwa ameanza kuuliza maswali, na alikuwa anawanyooshea kidole wale wa safu za nyuma.